Mnyama wa Katikati

Shule imefungwa, ni msimu wa korosho,
na darasa la tatu wamelifanya maabara.
Ubaoni kuna hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta,
chini yake mtungi wa baridi unafuka
kama chungu cha mganga, ila huu ni wa serikali.

Kazi yangu mimi ni lebo.
Naitwa Somoe Nampembe, nina mwandiko mzuri,
ndiyo maana Mtendaji alinitaja.
Popo akitolewa wavuni, anapimwa bawa,
anasuguliwa koo kwa pamba, anaachiwa dirishani,
nami naandika: POPO, dume, Newala, namba sabini na moja.
Anaondoka na giza lake. Mate yake yanabaki kwetu.

Dokta Kisamo anasema ni popo, moja kwa moja.
Dokta Lugome anasema haiwezekani.
Virusi vile na vya popo, anasema, vinafanana
kama mtu na binamu yake wa mbali;
ukihesabu kurudi nyuma, ni miaka mingi ya kutoonana.
Kwa hiyo yupo mnyama wa katikati,
aliyepokea huku akakabidhi kule.
Nani? Hajulikani. Ngawa, labda. Labda kakakuona.
Labda yule aliyeuzwa sokoni, akaliwa, mifupa ikatupwa
kabla mtu hajafikiria kumsugua koo.

Wanabishana hadi chai inapoa.
Kisamo anagonga meza: "Nionyeshe huyo mnyama!"
Lugome: "Nionyeshe wewe popo aliyekwenda sokoni kwa miguu yake!"
Nacheka peke yangu, pembeni, na kalamu yangu.
Kwetu husemwa asiyekuwapo na lake halipo.
Hawa wamegeuza: asiyekuwapo, yote ni yake.

Kakakuona namfahamu.
Nikisoma darasa hili hili alionekana mashambani,
wakamleta uwanjani, Mkuu wa Wilaya akaja na gari,
wakamtandikia maji, unga, panga na kitabu,
achague mwaka utakuwaje.
Alikwenda kwenye maji. Vigelegele!
Na kweli ilinyesha, barabara ya Masasi ikakatika.
Halafu mwaka wa barakoa redio ikamtaja jina,
na hakuna aliyemtandikia kitu achague.
Angefanya lile analolijua: angejikunja.

Kujikunja, jamani, hata sisi tunakujua.
Bibi yangu alikunjwa na homa, viungo kama mbuzi aliyefungwa.
Wakaja watu na darubini, wakauliza inaitwaje,
wakajibiwa kwa Kimakonde.
Neno lile likapanda ndege, leo linatamkwa hadi Brazili.
Bibi hakufika hata Lindi.

Leo asubuhi wameuliza nani huokota korosho za popo.
Kimya. Kisha mikono yote.
Maana popo anataka bibo, utamu tu, korosho huiangusha,
nasi alfajiri tunapita chini ya mti wake
tukiokota zenye alama za meno, kilo mbili, tatu;
ghalani hawaulizi aliyechuma.
Madaftari, sare, nusu ya bati letu ni mate ya popo.
Kisamo akamtazama Lugome.
Meza haikugongwa.

Wakatutoa damu. Nilikuwa wa mwisho,
kwa kuwa lazima kwanza niwaandike wenzangu.
Fomu ile ni moja kwa wote, na safu yake imeandikwa MNYAMA:
popo, popo, popo, ngawa mmoja aliyegongwa na bodaboda,
popo.
Nikaegemeza mkono wenye pamba juu ya dawati,
lile ambalo kaka yangu alichonga jina lake kwa msumari,
nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri:
MTU, jike, Newala.
Nikafuta "jike", nikaweka "mwanamke".
Nikaitazama safu, juu hadi chini.
Nikarudisha "jike".
Namba mia na nne.